Rimu za lori zipigwe kijivu, nyeusi inaficha ubovu

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka huku Mtwara. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo kwa watu wengine litaonekana dogo lkn kwa sisi tunaoshinda na malori sio dogo hata kidogo, nalo ni rangi ya rimu. Kila ikifika mwezi wa nane wa tisa hivi, kabla minada ya korosho haijaanza mwezi wa kumi, matajiri wanaleta magari gereji, bodi inanyooshwa, turubai linashonwa, taa zinafungwa mpya, na rimu zinapigwa rangi. Na siku hizi karibu kila anayekuja anasema kitu kimoja tu, fundi piga nyeusi. Nyeusi ya kung'aa. Ukimuuliza kwanini anasema inapendeza, haichafuki, gari inaonekana imetoka dukani jana.

Mimi ni fundi rangi na nikwambie ukweli Mhariri, kwa fundi nyeusi ni rangi tamu. Haisumbui. Hata kama chuma hukukisugua vizuri, hata kama rangi imetiririka pale chini ya ukingo wa rimu, mtu akiangalia haoni, anaona weusi unang'aa basi analipa na kuondoka. Kwaiyo naandika hapa kinyume na maslahi yangu mwenyewe, maana kijivu kinamuumbua fundi mvivu, kila alipopiga chenga panaonekana. Lakini hiyohiyo ndo sababu ya mimi kusema rimu za chuma za lori zipigwe kijivu cha mwanga, kijivu cha kawaida kisicho na vimetameta, na sio nyeusi. Rimu inatakiwa iwe mahali ambapo ubovu ukianza tu unaonekana kwa macho bila kufungua kitu.

Ngoja nieleze ubovu wenyewe unavyojitokeza, maana watu wanadhani rimu ikiharibika inavunjika ghafla tu pwaa. Haivunjiki hivo. Mara nyingi inaanza na ufa mwembamba sana, unatokea kwenye tundu la boliti kwenda tundu la pili yake, au kwenye yale matundu makubwa ya kupitishia hewa na mkono. Ufa ule ukipata maji unatoa kutu, na kutu ile inachuruzika inaacha kijistari cha kahawia. Kwenye kijivu unakiona kile kistari ukiwa umesimama tu. Kwenye nyeusi hukioni mpaka uiname na tochi na tambara, na suka (dereva) gani ataiinamia rimu moja moja saa tisa usiku ghalani. Halafu kuna nati kulegea. Nati ikilegea rimu inacheza kidogo kidogo pale kwenye kiti chake, chuma kinasagana na chuma, unga wa kutu unatoka na kwenda kama miale kuanzia kwenye nati kuelekea nje. Hiyo ni dalili ambayo kila tandiboi, yaani utingo, anafundishwa kuiangalia, sasa umeipaka rangi inayoimeza utaiangaliaje?

Na sio kutu peke yake. Oil sili ya habu, yaani kile kizibo cha mafuta pale katikati ya gurudumu, ikianza kuvuja, mafuta yanarushwa na mzunguko yanachora mistari kutoka katikati kwenda kwenye tairi. Kwenye kijivu mistari ile inashika vumbi inakuwa myeusi, unaiona. Kwenye nyeusi inang'aa tu, unadhani tandiboi kapitisha dizeli ili gari ipendeze, kumbe mafuta yanaingia kwenye breki. Beringi ikipata moto, rangi ya katikati pale karibu na habu inabadilika inakuwa kama imekaangwa, kwenye kijivu unaona ugolo ugolo ule, kwenye nyeusi ndo hivo tena.

Kuna trela moja la makaa ya mawe, yale yanayotoka upande wa Ruvuma kuja bandarini hapa kwetu, lililetwa kupigwa rangi upya. Rimu zake zilikuwa nyeusi tangu zamani na juu ya weusi ule kuna unga wa makaa, kwaiyo nyeusi juu ya nyeusi. Tajiri alitaka nipulize juu kwa juu, eti mwanangu usinipotezee muda, gari ina mzigo kesho. Nikamwambia mzee mimi sipulizi juu ya uchafu, ngoja kwanza zioshwe. Basi tukaosha na sabuni, tukapitisha brashi ya waya, rimu ya nje upande wa kushoto ekseli ya nyuma nikaona uzi mwembamba unatoka kwenye tundu la mkono unakata kona unaelekea kwenye boliti. Nikamwita suka nikamwambia weka ukucha hapa. Akaweka, ukucha ukanasa. Akakaa kimya halafu akasema, fundi hii imekuja na tani zote zile tangu Songea? Nikamwambia usiniulize mimi, iulize hiyo rangi. Ile rimu ilikwenda skrepa, na tajiri kwa hasira zake akasema zilizobaki ziwe kijivu, hadi leo anapita hapa anapiga honi.

Sasa wapo wanaobisha. Kuna hoja moja nimeisikia sana kwa masuka wa njia ya Newala, wanasema nyeusi inapoza breki. Yaani ukishuka ule mlima wa Newala kuelekea Masasi na mzigo, dramu za breki zinapata moto, na rimu nyeusi inatoa joto haraka kuliko rangi nyingine. Inasikika kama sayansi lkn haina uzito. Kinachopoza dramu ni upepo unaopita kwenye yale matundu ya rimu, pamoja na suka mwenyewe kushuka na gia nzito asikae juu ya breki. Rangi ikiwa nyeusi au kijivu, kwa joto lile la breki tofauti yake ni ndogo mno haifiki popote. Anayeshuka mlima kwa kuamini rangi ya rimu huyo simpandi gari yake.

Wengine wanasema basi kama hoja ni kuonekana, piga nyeupe kabisa. Nyeupe kweli inaonyesha kila kitu, tatizo inaonyesha mpaka visivyo na maana. Joto la kawaida la breki linaigeuza nyeupe kuwa njano njano hasa hizi rangi za mafuta za bei rahisi, sasa suka anashindwa kujua hii njano ni ya beringi inayokufa au ni ya mteremko wa jana. Halafu huku kwetu kuna vumbi jekundu, ukienda Masasi, Nachingwea, Mangaka, ukiingia njia za vijijini kubeba korosho za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), nyeupe inakuwa nyekundu siku ya kwanza na watu wanachoka kuiosha, na rimu isiyooshwa haikaguliki hata ukiipaka rangi ya malaika. Kijivu kinavumilia vumbi bila kuficha kutu. Vumbi linakaa sawasawa rimu nzima, kutu inakuja kwa mistari, jicho linatofautisha.

Nikiri upande mmoja kijivu kina udhaifu wake, nao ni saruji. Magari yanayopakia kiwandani hapa Mtwara yanapata unga wa saruji kila siku, na unga ule rangi yake ni kijivu vilevile, kwaiyo unakaa kwenye rimu mtu anaona ni safi tu. Usiku umande unashuka, saruji inashika, asubuhi inakuwa gamba. Hapo dawa ni kuosha na maji mengi mapema kabla haijakauka, na mtu asije akaniambia habari za asidi. Wapo waosha magari wanachanganya asidi na maji kwa ajili ya gamba la saruji, ni kweli linatoka, na rangi inatoka nayo, na kama rimu ni za aloi, yaani za alumini, ndo kabisa zinakuwa na madoa kama ugonjwa wa ngozi. Aloi haipendi asidi kali na haipendi magadi makali pia, saruji yenyewe mbichi inaila, kwaiyo ukichanganya vyote viwili umeiua kutoka pande mbili.

Turudi kwenye rangi. Kuna silva na kuna kijivu, watu wanachanganya. Silva ndani yake ina vipande vidogo vidogo vya alumini, ndo maana inametameta, na rimu nyingi zinazokuja na malori ya Ulaya zimepigwa silva ile ambayo kwenye kitabu cha rangi za RAL ni namba 9006. RAL ni utaratibu wa Wajerumani wa kupanga rangi kwa namba, upo tangu 1927, na faida yake ni kwamba ukitaja namba muuza rangi hakupi kitu cha kukisia. Silva nayo inaonyesha ubovu vizuri, siikatai, na kama gari imekuja nayo na ni nzima iache. Ubaya wake ni kwenye kurekebisha. Ukichubua kidogo wakati wa kubadili tairi, fundi pancha na chuma chake si unawajua, ukiweka kiraka cha silva kwa brashi kinaonekana kama bandeji, vile vipande vya alumini vinalala tofauti na mwanzo, na kopo jingine hata namba ikiwa ileile linaweza kutoka na mng'ao mwingine. Kijivu cha kawaida kama 7035 ukichubua unachovya brashi unagusa, wiki ijayo huoni ulipogusa. Kwa gari la kazi hiyo ni faida kubwa, maana mahali palipochubuka pakiachwa kwa upepo wetu huu wa baharini hapamalizi mwezi, kutu imeshatambaa chini ya rangi nzima pembeni.

Kuhusu nyekundu na njano sitaki ugomvi na mtu, najua kuna Simba na kuna Yanga na kuna tajiri mmoja hapa jirani hata kofia ya tenki la dizeli kaipaka kijani. Nyekundu ya bei rahisi inapauka juani inakuwa kama pinki ya kanga kuukuu, na kutu juu ya nyekundu huoni. Halafu zile njano na machungwa za zamani za kung'aa sana nyingine zina madini ya risasi ndani, ukizipiga msasa mkavu vumbi lake ni sumu na watoto wanaopita gereji wanalivuta. Kama lazima timu yako ionekane bandika bendera kwenye kioo.

Sasa hata ukichagua rangi nzuri vipi, hapa pwani inaharibiwa na chumvi. Watu wa bara hawatuelewi. Kuanzia kusi inapoanza kuvuma ile hewa inakuja na chumvi, inakaa kwenye chuma bila kuonekana, na magari mengine yanabeba chumvi yenyewe kutoka mashamba ya chumvi huko Lindi na Kilwa. Ukisugua kutu ukafuta na petroli ukapuliza praima, yaani rangi ya chini, umefungia chumvi ndani. Chumvi inavuta unyevu kupitia kwenye rangi na baada ya muda unaona vipele, ukikitumbua kipele ndani kuna maji na kutu mbichi. Mteja anamlaumu fundi kwamba rangi feki. Kinachotakiwa ni kuosha rimu na maji baridi mengi yasiyo ya chumvi baada ya kuisugua, na sio maji ya kile kisima chenye ladha, halafu ikaushwe haraka kwa upepo wa kompresa na jua, na praima ipigwe sikuhiyohiyo. Ukilaza chuma kitupu usiku mmoja hapa Mtwara asubuhi umande umeshakitia wekundu, rudi mwanzo. Na jioni usipulize, chuma kikipoa kuliko hewa kinatoa jasho, rangi inakaa juu ya maji. Mimi napenda kufanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane hivi, baada ya hapo nafunika. Ndo maana pia nawaambia matajiri msisubiri mvua, leteni kiangazi, mwezi wa kumi na mbili mvua zikishika kila mtu anataka miujiza.

Praima iwe ya epoksi ile ya kuchanganya mbili, au yenye zinki. Redoksaidi, ile praima nyekundu ya kopo, peke yake ni nafuu lkn kwa rimu ya lori inayopigwa na mawe haikai. Juu yake rangi ya 2K, nayo ya kuchanganya mbili, rangi yenyewe na hadina, ile dawa ya kuigandisha. Hapa niseme kitu kwa mafundi wenzangu, ile hadina ina kemikali inayoharibu mapafu, mtu anaweza kupata pumu ya maisha, na kitambaa ulichofunga puani hakisaidii chochote, ni pambo. Tafuta maski ya kweli yenye vichungi vya mkaa, na eneo liwe na hewa. Wapo waliokuwa na vifua vya chuma leo wakipanda ngazi za benki wanapumzika katikati.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ndo hasa imenifanya nishike kalamu, na inahusu rangi yoyote ile, hata hiyo kijivu ninayoipigia debe. Ni ule uso wa rimu unaokalia habu, na pale nati zinapobana. Watu wanapenda rimu ipakwe kotekote inene iteleze kama sahani. Hiyo ni hatari kuliko kutu. Nati ya lori haishiki kwa sababu imezungushwa, inashika kwa sababu boliti imevutwa ikanyooka kidogo sana na inavuta kurudi, inabana chuma kwa chuma. Ukiweka rangi nene katikati ya chuma na chuma, gari ikitembea na joto la breki rangi inasagika na kuminywa, unene unapungua, na mvuto wa boliti unapungua nao. Nati hujailegeza wewe, imelegezwa na rangi. Na huku nyuma kwenye tairi pacha hesabu ni mbaya zaidi, maana rimu ziko mbili, kila moja ina nyuso mbili, kwaiyo kati ya dramu na nati kuna nyuso nne zenye rangi, kila mmoja ukipungua kidogo jumla yake si kidogo tena. Watengenezaji wa rimu wanataka rangi hapo iwe nyembamba sana, kama unene wa unywele hivi isizidi, yaani praima nyembamba na mkono mmoja wa rangi basi. Mimi sehemu ile naifunika na masking tepu na karatasi wakati wa kupuliza mikono ya juu, na matundu ya boliti naziba. Karatasi yenyewe Mhariri ni gazeti, msinichukulie vibaya, nalisoma kwanza ndo nalifunikia, ukurasa wa barua huwa nautenga.

Na rimu zikipigwa rangi mtu asifunge na kuondoka moja kwa moja. Rangi ya nje kukauka mkononi sio kukauka ndani, iache siku kadhaa. Ukifunga tumia toko renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa malori mengi ya nati za M22 (za boliti ya milimita 22) ni kwenye 600 mpaka 700 Nm, ndo kipimo cha nguvu hiyo, kitabu cha gari lako kitakwambia ngapi, na sio ile ya kupanda juu ya bomba mtu na kaka yake mnaruka ruka, kwasababu ukizidisha unaikata boliti ukipunguza inalegea. Halafu baada ya kilomita 50 mpaka 100 simama kaza tena. Sisi huku Mungu katurahisishia, ukitoka Mtwara ukifika Mingoyo pale njia panda ya Masasi na Lindi umeshatembea chini kidogo ya kilomita 100, watu wanasimama pale kula hata hivo, basi kabla ya kuagiza samaki toa spana. Nimewahi kumwambia hivi suka mmoja mwenye rimu mpya za kijivu, akapiga simu baadaye, kaka nati tatu zimekubali robo mzunguko. Alikuwa ameshaona vijistari vya unga vinaanza pembeni mwa nati kabla hajashika spana. Mwenzie aliyeongozana nae ana nyeusi, yeye kwake aliona safi tu, na yeye alipokaza zikakubali vilevile.

Kuna kitu kidogo cha bei ndogo nakipendekeza. Baada ya kukaza chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati ushuke kwenye rimu, nati ikizunguka mstari unakatika. Au zile vidole vya plastiki vya njano zinazovikwa kwenye nati zinaangaliana mbili mbili, moja ikigeuka unaiona. Kwenye kijivu njano inaonekana kutoka kwenye kibanda cha chai. Ila nati zenyewe usizipulize rangi, hasa ile inayozunguka na kikombe chake, yaani washa iliyoshikamana nayo, ikigandishwa na rangi toko renchi inakudanganya, inasoma ugumu wa rangi wewe unadhani imebana.

Zile rimu za zamani za ringi, yaani zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi, za Fuso na Isuzu za inchi 20, mambo ni hayohayo ila ongeza hili, usijaze rangi kwenye mfereji wa ringi. Ringi isipokaa vizuri kwenye mfereji wake, siku fundi pancha anajaza upepo inaruka, na ikiruka haichagui mtu. Mfereji unasafishwa mpaka chuma, unapewa praima nyembamba, basi, urembo uishie nje.

Kwa wenye aloi, hamna haja ya rangi kabisa. Aloi inasafishwa na kupigwa polishi. Siku hizi nasikia watu wanapeleka rimu Dar kupigwa rangi ya unga, ile inayopuliziwa kwa umeme halafu inachomwa kwenye oveni kwa joto la nyuzi 200 hivi. Kwa rimu ya chuma ni kazi nzuri sana, inadumu, ila angalia nayo ni nene, ile sehemu ya kubana lazima izibwe. Kwa rimu ya aloi ya lori usikubali, alumini ile imepewa ugumu wake kwa joto la kupimwa kiwandani, ukiichoma tena unaweza kuilainisha na kwa macho huoni tofauti yoyote. Inatoka nzuri, nyeusi, inang'aa, imelegea.

Na jamani moto. Kuna watu wanatoa rangi ya zamani kwa moto wa gesi tairi ikiwa bado imo kwenye rimu, au wanachomelea ufa tairi ikiwa imo, wanasema tumetoa upepo hakuna shida. Shida ipo. Mpira wa ndani ukipata moto unatoa gesi, gesi inajikusanya, tairi inalipuka hata kama ilikuwa haina upepo. Tairi itoke kwanza, kila mara, hakuna gari yenye haraka kiasi hicho. Na ufa wa rimu hauchomelewi, rimu yenye ufa ni skrepa hata kama ni ya Scania, na ukinunua rimu za mtumba ukakuta zimepakwa nyeusi mbichi bado inanukia, kwangua rangi kwenye matundu kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa kukwanguliwa umeshapata jibu lako.

Ombi langu kwa matajiri, msimu huu mkileta magari muulizeni fundi mambo mawili, ataosha chumvi kwa maji gani na atafunika wapi. Akijibu bila kubabaika mpeni kazi hata kama bei yake imezidi kidogo. Na ombi kwa askari wa usalama barabarani, wakati wa ukaguzi mnaangalia taa, mnaangalia kashata za tairi, mnaangalia wepa, sawa, basi na rimu mziangalie, hasa zile nyeusi zinazong'aa sana, pitisheni tambara kidogo pale kwenye matundu.

Na masuka, tunajua foleni za maghala ya korosho, mtu anakaa na mzigo siku mbili tatu anasubiri kushusha, anapiga bao na kulala chini ya trela. Muda huo ndoo moja ya maji na tambara zinatosha kuzunguka gari nzima. Mwenye rimu nyeusi ambaye anaona namwonea naye aandike hapa, nitafurahi kumsoma, ila atuambie na yeye huwa anajuaje kama hazina ufa.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi rangi, Magomeni, Mtwara